Pua ya Pikapu ya Dirie

Mtoto alianza kunuka mto Jumatano asubuhi, na Nasike alimwosha mara mbili kabla ya kukubali kwamba harufu haikuwa ya nepi. Haikuwa ya mto wa Nairobi pia, ile ambayo kila mtu wa mtaa wa Mowlem anaijua upepo ukigeuka. Hii ilikuwa ya mchanga uliolowa mbali huko, mchanga na majani yaliyooza na kitu baridi kama chuma, na ilitoka shingoni mwa Nabalayo, pale pale mama hupenda kumnusa mtoto, na mtoto mwenyewe, miezi saba, anacheka tu.

"Baba Naba, hebu kuja umnuse huyu."

"Nimnuse na hii grisi?" Andati alijibu kutoka nje. "Akinuka ni wako. Akinukia ndio wangu."

Nje ni hatua tatu. Chumba chao cha kupanga kilikuwa cha chini, mlango ukitazama uwanja wa ploti, na mwenye ploti alimruhusu Andati kutengenezea magari hapo bora tu asimwage oili. Tangu jana uwanja mzima ulikuwa umemezwa na pikapu moja nyeupe, ndefu, ya kwenda porini, ya mtu anayeitwa Dirie ambaye hupeleka bidhaa kaskazini. Mvua zilikuwa karibu, na huko barabara hukatwa na mabonde makavu ambayo hujaa maji ghafla, kwa hivyo Dirie alitaka snokeli: lile bomba jeusi linalotoka ubavuni karibu na boneti na kupanda kando ya kioo hadi usawa wa paa, ili gari likiingia majini livute hewa ya juu, injini isije ikameza maji. Watu wa ploti hawakuhangaika na jina hilo. Waliiita pua.

"Hiyo gari itaanza kupiga chafya," alisema Nthoki, jirani wa mlango wa pili, akipita na ndoo yake.

Nasike alimfungua mtoto shali, akainusa, na hapo akajua. Ilikuwa shali ya manjano, ile ya kutoka hospitali, ameifua kwa mkono wake jana na kuianika. Pembe zote zilikuwa kavu. Katikati kulikuwa na duara moja bichi, mviringo wa mdomo wa kikombe, na kitambaa kilikuwa kimejikunja hapo kama kitu kilichonyonywa.

Akatoka nayo nje. "Hii ilikuwa wapi usiku?"

Andati aliacha kufunga nati. Ni mtu ambaye akikosea masikio yake huwaka moto kabla hajajua amekosa. "Usikasirike, sikia kwanza. Ukitoboa madigadi, hii bati ya juu ya gurudumu, vichuma vinaruka. Kimoja tu kikiingia kwa njia ya hewa, injini imeenda. Lazima uzibe hiyo njia na kitambaa safi, kisichotoa nyuzi. Na kwa hii nyumba kitu safi ni ya huyo mtoto peke yake."

"Usiku mzima?"

"Silikoni, ile gundi ya kuziba, inataka usiku mzima kukauka. Asubuhi nimeitoa nikairudisha kwa kamba. Angalia, iko na oili? Hata tone!"

Kweli haikuwa na oili. Nasike aliitupa ndani ya beseni, akamwaga sabuni nyingi kuliko kawaida, akajiambia yeye ni mjinga, ameanza kuwa kama wale wanawake wa kuogopa kila kitu tangu wazae. Akamweka mtoto kiunoni, akasimama mlangoni kumtazama mumewe akimaliza.

Kazi ya snokeli humalizwa kwa kiganja. Fundi huwasha injini, akaiacha iungurume polepole, akapanda juu ya gurudumu, akaziba mdomo wa bomba kwa mkono wake. Viungo vikiwa vimekaza, injini hukosa pumzi, ikakohoa, ikafa. Ikiendelea kuunguruma, basi kuna tundu mahali, na siku gari litakapozama, maji yatapitia hapo hapo. Andati alikuwa amemweleza hilo mara nyingi, kwa majivuno, kwamba gari zuri ni lile linalokufa mkononi.

Akawasha. Akapanda. Akaziba.

Injini iliendelea kuunguruma, laini kabisa, kama paka aliyeshiba.

"Ala!" Andati aliangalia kiganja chake, akakikaza zaidi. "Inavuta hewa mahali pengine hii."

Na Nabalayo akawa mzito. Ndivyo Nasike alivyoweza kusema baadaye, mzito tu, kama gunia lililowekwa chini, na alipomtazama akaona mdomo umefunguka na hakuna kinachoingia, kifua kimebanwa kwa ndani, macho yamekodolewa yakimtazama yeye, na rangi ya midomo inageuka kuwa ya zambarau hapo hapo mchana kweupe, majirani wakianika nguo.

"Baba Naba! Mtoto!"

Andati akaruka chini. Mara tu mkono ulipotoka kwenye bomba, mtoto akavuta pumzi ndefu yenye mluzi, akalia.

Walimpiga mgongo, wakamwinamisha, wakaingiza kidole kinywani kutafuta kitu. Hakukuwa na kitu. Nthoki alikuja mbio, akasema ni gesi, watoto wa siku hizi wana gesi, mpeni maji ya moto kidogo. Andati akapumua. Akakagua viungo vyote, klipu moja baada ya nyingine, akapaka silikoni tena, safari hii utando mwembamba wa kukauka upesi, akangoja hadi saa nane. Nasike alikuwa ndani, mtoto amelala kifuani, aliposikia injini ikiwashwa, na hata hakuwaza lolote, alisikia tu mguu ukipanda kwenye gurudumu, halafu kile kifua kidogo kilichokuwa juu ya kifua chake kikasimama.

Alitoka bila viatu. "Toa mkono! Andati, toa huo mkono!"

Hakuwa amewahi kumwita jina lake mbele ya watu. Andati akautoa. Mtoto akavuta pumzi. Injini haikuwa imetetereka hata kidogo.

Wakatazamana. Andati akazima gari, akachomoa ufunguo, akauweka mfukoni, na katika kimya kilichofuata wakasikia bomba linapumua. Ndani, nje. Ndani, nje. Polepole, mwendo wa mtoto mchanga aliyelala, na Nasike, ambaye alikuwa ameuhesabu mwendo huo usiku kwa miezi saba, hakuhitaji kuinama kumtazama Nabalayo ili ajue kwamba pumzi hizo mbili zinakwenda pamoja.

"Ing'oe," alinong'ona.

"Naing'oa."

Alilegeza boliti moja, nusu mzunguko tu, na mtoto akakohoa, akatema mchanga. Mchanga wa kweli, mwekundu, wa kujaza kijiko, ukateleza kwenye kidevu pamoja na maziwa. Nthoki alidondosha vibanio vyote vya nguo, akaanza kuomba kwa sauti kwa Kikamba, na Andati akaikaza tena ile boliti, akisema pole, pole, pole, na hata yeye hakujua anamwambia nani.

Walimpigia Dirie. Alifika baada ya saa moja, kijana mrefu, shati limepigwa pasi, na alikuwa amemleta mama yake, Habibo, ambaye alishuka na chetezo kidogo ndani ya mfuko wa plastiki na hakumsalimia mtu mpaka alipolizunguka gari lote.

"Mama, tusamehe," Andati alianza, "mimi nimefanya tu kazi."

"Mlipoitoboa, mliziba njia yake na nini?"

Andati akalitazama beseni. Nasike ndiye aliyejibu. "Shali ya mtoto."

Mama Habibo alifumba macho kidogo. "Mwanangu aliinunua hii gari ikiwa imetolewa majini," alisema. "Siku tatu imelala kwenye bonde la mto. Nilimwambia, Dirie, kitu kilicholala majini siku tatu hakitoki peke yake. Akaniambia mama, injini imeoshwa."

"Imeoshwa kweli," Dirie alisema kwa sauti ndogo.

"Nyamaza. Jini wa maji hana pumzi yake, dada yangu. Alikuwa amekaa humo amebanwa, hana njia. Mmemchongea pua, halafu mkamtia mdomoni nguo yenye maziwa na jasho la mtoto. Kwake hiyo ni zawadi. Hajaiba. Amepewa."

"Tumkatalie basi! Tumwambie ilikuwa makosa!" Nasike alidakia.

"Hiyo ndiyo itafanywa. Lakini atakayesema ni mama, maana pumzi hiyo ilitoka tumboni mwako." Aliwasha ubani, akauzungusha chini ya boneti, akasoma kwa sauti ya chini hadi moshi ukaanza kuvutwa kuelekea bomba kama uzi. "Panda. Weka kinywa chako pale juu. Pulizia ndani mara tatu, na kila mara useme moyoni, nirudishie. Umesikia? Pulizia tu. Usivute. Hata ukihisi nini, usivute."

Nasike alimkabidhi Andati mtoto, akapanda kwenye gurudumu akiwa bado bila viatu, akashika paa lililokuwa la moto kwa jua, akaweka midomo yake kwenye ule mdomo mweusi wa bomba, na ulikuwa baridi, baridi na laini, na akapulizia mara ya kwanza, nirudishie, na kitu ndani kikatulia kusikiliza, na akapulizia mara ya pili, nirudishie, na kikashika pumzi yake na kuivuta, taratibu, bila ukali, kama mtoto anavyoshika ziwa, na kwa nyuma akasikia Andati akisema Naba, Naba, Naba wangu, halafu akasikia Andati akipiga ukelele ambao mwanamume hapigi, na akageuza jicho moja tu bila kutoa kinywa, akaona mkono mdogo umening'inia, rangi ya majivu, na miguu midogo imenyooka, na Nthoki amejifunika uso kwa kanga, na mama Habibo anasema bado moja, dada, pulizia, bado moja, lakini mapafu yake yalikuwa matupu, hakikubaki cha kupulizia, na mtoto anakwenda, mtoto alikuwa anakwenda mbele ya macho yake, na hakuna mama duniani ambaye angengoja. Nasike akavuta.

Alivuta kwa nguvu zake zote mpaka hakukuwa na kingine cha kuja.

Kisha akasikia kilio. Kikubwa, cha hasira, cha mtoto mwenye njaa. Alishuka, na Andati alikuwa anacheka na kulia pamoja, Nabalayo anapiga mateke mikononi mwake, midomo imerudia rangi yake. Andati alimrudishia Nasike mtoto, akampa Dirie ufunguo awashe injini, kisha akapanda, akaziba kwa kiganja. Injini ikakohoa mara moja, ikafa.

"Imekaza!" alipiga kelele. "Mnaona? Imekaza kabisa!"

Mama Habibo alimshika Nasike kidevu, akamtazama machoni kwa muda. "Ulipulizia mara tatu?"

"Tatu," alisema Nasike.

Pikapu ikaondoka, ikakata kona kuelekea Komarock, na watu wa ploti wakarudi kwenye nguo zao. Nasike aliketi kitandani, akampa mtoto ziwa. Jua la saa kumi liliingia mlangoni. Alitazama kifua kidogo kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, na akafurahi hivyo kwa muda mrefu, kabla ya kuona kwamba kifua chake mwenyewe hakipandi wala hakishuki.

Alingoja. Hakukuwa na maumivu wala kiu ya hewa. Kulikuwa na ubaridi tu, umejilaza chini ya mbavu, kama mgeni aliyeonyeshwa mahali pa kulala.

Andati aliingia, ameshanawa mikono, akaketi karibu naye. "Umechoka, mama Naba?"

Ilibidi kwanza ajaze hewa kwa makusudi ndipo sauti ipate kutoka. "Kidogo."

Andati akamwegemezea kichwa begani, na Nasike, akihofu mumewe asije akakisikiliza kifua chake, akaanza kuinua mabega na kuyashusha, polepole, kama alivyokuwa akiona watu wakifanya.