Siri Isiyokuwa Yake

Duka la dawa alilofanyia kazi Shuqin lilikuwa chini ya kituo kimoja cha treni mjini Chongqing, na watu wakitoka kazini hupati pa kupitisha hata mkono. Jioni moja ya manyunyu akaingia fundi wa lifti, mrefu, ovaroli la buluu limemkaa kuliko suti, grisi vidoleni. Akazunguka rafu, akachukua plasta, akazirudisha. Watu walipopungua akainama kwenye kaunta, uso umemwiva kama pilipili.

"Dada, mna vile vidonge... vya kuzuia mimba baada ya mambo?"

"Tunavyo. Mambo yalitokea lini?"

Hajui. Mwanamke mwenyewe anatumia dawa nyingine? Hajui. Shuqin hakupenda kuuza dawa ile kama peremende, akamwambia ampigie mwenye mwili wake. Simu ikapokewa na sauti ya msichana inayotetemeka. Shuqin akaenda nayo nyuma ya pazia. Ilikuwa juzi usiku, kondomu ilipasuka. Akamweleza taratibu: kidonge humezwa ndani ya siku tatu, na kadiri anavyochelewa ndivyo nguvu inavyopungua, basi akimeze leo hii. Akitapika kabla ya saa mbili kupita, ameze kingine. Akitaka kinga ya uhakika zaidi, kuna kitanzi cha shaba, daktari humwekea ndani ya siku tano. Na siku zake zisipokuja, baada ya wiki tatu apime.

"Hakitaniharibu, dada? Nitakuja kuzaa?"

"Utazaa ukitaka, siku utakayotaka. Hakiharibu kizazi."

"Basi mwambie kaka asimwambie mtu."

Kaka. Mjini pale wasichana huwaita hivyo hata wapenzi wao. Shuqin akamrudishia fundi simu, akampa kidonge na namba yake, ikitokea shida.

Shida haikutokea, lakini simu zilipigwa. Zhenhai, ndilo jina la yule fundi, aliuliza kama kichefuchefu ni kawaida. Kesho yake akauliza habari za kizunguzungu. Kisha akawa anauliza kama Shuqin amekula, na kupita dukani kununua dawa ya koo hali koo lake zima. Shuqin alijikuta akichana nywele kila jioni, huku akijisuta: huyu ni mtu wa mtu, na dawa umemuuzia mwenyewe.

Siku alipomwalika wakale tambi za pilipili, Shuqin alitamani kukubali.

"Mpeleke uliyemnunulia kidonge," akasema.

Zhenhai akairudisha dawa ya koo kwenye kaunta. "Si kama unavyodhani. Ila siwezi kukwambia ni nani. Nimeahidi."

"Kila mwanamume mwenye wawili ana ahadi ya namna hiyo, fundi. Koo lako limepona. Usirudi."

Hakurudi. Ukungu ukakaa juu ya mto, wiki zikapita, Shuqin akiitazama simu iliyokaa kimya. Hasira ilimwisha mapema. Kilichobaki kikawa hofu, kwamba amemfukuza mtu asiyemjua.

Ndipo akaingia msichana wa chuo, koti la njano, midomo imemkauka. "Dada, siku zangu hazijaja. Uliniambia nipime."

Sauti ni ileile ya kwenye simu. Shuqin hakuuliza lililomkaa moyoni. Akampa kipimo, akamwonyesha choo cha nyuma, akasimama mlangoni. Msichana akatoka amekishika kwa mikono miwili, kafumba macho.

"Nisomee."

"Mstari mmoja. Huna mimba. Dawa ile huweza kuchelewesha siku, na wasiwasi nao. Zisipokuja wiki hii, rudi tupime tena."

Yule msichana, Yue, akamlilia begani. Aliyemtia katika balaa lile alizima simu siku ileile. Mama angejua, angemtoa chuoni. Asingekuwa na kaka yake wa tumbo moja, asingejua aende wapi.

"Yuko nje, ngazini," akasema akijifuta machozi. "Anasema ulimfukuza. Namuuliza, si ungesema tu mimi ni mdogo wako? Eti aliniahidi."

Shuqin akatoka na koti lake jeupe. Zhenhai akasimama, mabega yamelowa.

"Anaendeleaje?"

"Muulize mwenyewe. Mimi sitoi siri za wateja."

Zhenhai akauona uso wa mdogo wake mlangoni umetulia, kisha akakaa tena ngazini.

"Ungesema neno moja tu," Shuqin akamwambia kwa sauti ya chini. "Mwenzio nimekonda."

"Neno lenyewe halikuwa langu."

Mchana ule wakala tambi watatu, jasho likiwatoka. Shuqin akamweleza Yue kuwa kidonge cha dharura si cha kutegemea kila mara, akamtajia na njia za kutumia kila siku, mpaka Zhenhai akaomba kuhamia meza nyingine. Yue alipokimbilia darasani, Zhenhai akarudi kwenye meza ya Shuqin.

"Na sisi je? Tuanzie wapi?"

Shuqin akaushika ule mkono wenye grisi. "Tuanze kwa kuongea," akasema. "Kila jambo, kabla halijatokea."