Bobini Kumi za Fundi

Kila asubuhi, kabla hajaketi, Fundi alijaza uzi bobini kumi. Bobini ni kile kigurudumu kidogo kinachokaa chini ya sindano ya cherehani. Uzi wake ukiisha, kazi inasimama, na Fundi hakutaka kazi isimame. Alizipanga zote kumi karibu na mkono wake, akakaa, na hapo ndipo alipokaa mpaka jioni. Chai aliletewa hapo hapo. Vikombe vitano kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Mchana soda. Ukimwambia apumzike kidogo, anakujibu bila kuinua kichwa, "Nguo za watu zitajishona?"

Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Kwenye kiti karibu na mlango alikaa mama yake mzazi. Mama naye alikuwa fundi enzi zake, tena fundi hasa. Kisukari kilimwingia kimya kimya. Kilipogundulika, kilikuwa kimeshamharibu macho. Ulikuwa mwaka wa sita sasa mama haoni.

Siku moja Fundi alimpeleka mama kliniki. Daktari akamgeukia yeye.

"Na wewe tukupime. Mzazi akiwa nacho, mtoto ajichunge."

Wakampima. Hakuwa na kisukari, lakini sukari yake ilikuwa imeanza kupanda.

"Bado hujachelewa," daktari alisema. "Punguza vitu vya sukari, punguza uzito, tembea. Rudi baada ya miezi mitatu."

Fundi alimrudisha mama nyumbani. Aliogopa, wala hakuficha kwamba anaogopa. Fundi asiyeona atashona nini?

Basi Jumatatu akaamka na vita. Saa kumi na moja alfajiri alikimbia mpaka pumzi ikamwishia. Akarudi, akaitupa sukari yote. Akapika mboga za kuchemsha tupu, asubuhi, mchana na jioni, kwa nyumba nzima.

"Mama watoto," mumewe alisema akiichungulia sahani, "aliyepimwa ni nani hasa?"

"Kula."

Akala. Jumanne akala. Jumatano alipitia kwa dada yake akitoka kazini, akarudi anasema hana njaa kabisa. Alhamisi ikaja oda ya sare za shule, mashati mia mbili. Mbio zikafa. Sukari ikanunuliwa, safari hii kilo mbili. "Nitaanza upya Jumatatu," Fundi alisema. Nanyi mnazijua hizo Jumatatu. Zilipita tatu.

Jirani yao mmoja alikuwa muuguzi. Jumamosi alileta gauni lake la kazi lipunguzwe kiuno, akakaa kwenye benchi kusubiri. Alisubiri sana. Mwishowe akauliza, "Fundi, nimekaa hapa saa nzima na nusu. Hujanyanyuka hata mara moja?"

"Ninyanyuke niende wapi, sista? Kila kitu kipo hapa." Fundi alimwonyesha bobini zake kwa fahari. "Nazijaza asubuhi zote. Hazinipotezei muda."

Muuguzi aliziangalia, akacheka. "Kumbe wewe umejifunga kwenye kiti kwa uzi wako mwenyewe."

Fundi alisimamisha cherehani. Akamweleza yote: majibu ya daktari, mbio, mboga, Jumatatu zake. "Kazi hii hainipi nafasi, sista. Nafanyaje?"

"Umebadili mambo matatu siku moja," muuguzi alisema. "Nani anaweza? Badili moja. Likizoeleka, ndipo ulete la pili. Na usilitafutie nafasi yake. Lishikize kwenye kazi unayoifanya kila siku."

"Kama vipi?"

"Bobini na uzi wote, viweke kule mwisho wa chumba, karibu na maji ya kunywa. Jaza moja tu. Ikiisha, nyanyuka. Kunywa maji, toka nje, nenda mpaka kona ya nyumba, rudi, jaza nyingine. Dakika tatu."

"Hilo tu?"

"Kwa sasa hilo tu. Kukaa mfululizo kunapandisha sukari. Na siku ukikosa, usisubiri Jumatatu. Anza kwenye bobini inayofuata."

Mama alikuwa anasikiliza pale mlangoni. Akasema, "Mimi nitamsimamia. Sioni, lakini cherehani naisikia."

Na alimsimamia kweli. Wiki ya pili kazi ilizidi, na Fundi akaiba. Alijaza bobini nne kwa mpigo, akazificha chini ya kitambaa.

"Mwanangu," mama aliita, "hiyo bobini yako ya leo haina mwisho?"

Fundi akacheka mpaka akasimama. Akazirudisha tatu mwisho wa chumba, akatoka nje.

Mwezi wa kwanza ulikwenda hivyo. Alitegemea kazi ichelewe, lakini haikuchelewa. Mgongo uliacha kumuuma, na mashati yaliyomrudia kwa kushonwa vibaya yakapungua. Ndipo akaleta jambo la pili. Soda akaacha, akanywa maji. Chai ikawa vijiko viwili, halafu kimoja. Wiki chache baadaye akaigeukia sahani. Nusu yake mboga, lakini zimeungwa, zina ladha. Mume alikula bila kupitia kwa dada yake. Jioni Fundi alimshika mama mkono wakatembea mitaa miwili, kwa sababu na mama alihitaji kutembea.

Siku alizokosa zilikuwepo. Alikula keki kwenye sherehe, vipande viwili. Kesho yake hakujilaumu. Alijaza bobini, akaendelea.

Miezi mitatu ilipotimia akarudi kliniki. Alishika mkoba kwa mikono miwili wakati daktari anasoma karatasi.

"Imeshuka," daktari alisema. "Imerudi panapotakiwa. Wapo wanaofanya yote haya na bado wanahitaji dawa, ndiyo maana hatuachi kupima. Endelea hivyo hivyo. Tuonane baada ya miezi sita."

Alipofika nyumbani, alipiga magoti mbele ya kiti cha mama, akamwambia. Mama alimshika bega. Kisha akasema, "Niitie yule mdogo."

Kitinda mimba wa Fundi, msichana wa miaka minne, aliletwa. Mama akampapasa uso taratibu, paji, pua, mashavu.

"Hawa wakubwa sura zao ninazo," alisema. "Huyu alizaliwa mimi tayari sioni. Sijui anafanana na nani."

"Anafanana na wewe, mama. Hata kucheka kwake."

"Basi mtazame," mama alisema. "Akianza shule, mtazame. Akiwa mkubwa, mtazame. Mimi sikupata mtu wa kunionya mapema."

Machozi yalimtoka Fundi, akayaacha yatoke. Akamvuta mwanawe karibu na dirisha, penye mwanga, akamtazama.