Asiyejibu King'ora

King'ora kilipolia saa sita mchana, wanafunzi mia tatu walitoka mbio kwenye ukumbi wa chakula wa chuo, makoti mkononi, na mtu mmoja tu akabaki mezani anakula pilau.

Botagoz alimfuata na kalamu yake. Yeye ndiye fundi aliyekabidhiwa kuujaribu mfumo wa tahadhari wa chuo, na Almati si mji wa kufanyia tetemeko mzaha. Koti lake la manjano lilimpwaya mabegani na mashavu yalikuwa mekundu kwa baridi.

"Kaka, husikii?"

"Nasikia, dada. Ila hii pilau nimeipangia foleni nusu saa."

"Basi umekufa."

"Mimi?"

"Kwenye orodha yangu, ndiyo. Jina lako nani, marehemu?"

"Sanzhar. Nafundisha jiolojia."

"Mwalimu wa matetemeko! Huoni hata haya!"

Sanzhar alicheka mpaka wali ukampalia. Jioni ile ile simu ya Botagoz ikaita.

"Marehemu hapa. Naomba nafasi ya kujitetea. Kesho, chai?"

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Umeibandika kila mlango wa chuo, jua langu."

Jua langu! Hata chai hawajanywa! Botagoz alikata simu, kisha akakaa anatabasamu peke yake. Kufikia mwezi wa tatu walikuwa hawabanduki.

Siku ya Nauryz, sikukuu ya mwaka mpya, jirani wa kina Botagoz, Mama Kulyash, alifika kwao na mwanawe daktari wa meno na kondoo wa karamu. Akamkumbatia Botagoz, na kufumba na kufumbua akawa amemvika hereni za fedha. Kwa mila zao, mama wa kijana akikuvika hereni umeshachumbiwa. Botagoz alilijua hilo fika. Lakini nyumba imejaa wageni, mama yake analia kwa furaha, angeanzia wapi? Alinyamaza. Hilo ndilo kosa lake, na mwenyewe halikatai.

Asubuhi mama yake alisimama mlangoni kuhakikisha anatoka nazo. Botagoz alikwenda moja kwa moja kumweleza Sanzhar, lakini Sanzhar aliziona hereni kabla hajasikia neno.

"Hongera," alisema, uso umemsawijika.

"Ngoja nikueleze..."

"Hereni zinasema zenyewe." Akaenda zake.

Botagoz alimpigia mara kumi na moja. Hakupokea.

Usiku huo alilia. Kulipokucha akajifuta uso, akabisha hodi kwa Mama Kulyash, akazivua hereni na kuziweka mezani.

"Mama, nisamehe. Mwanao hana kasoro. Moyo wangu una mwenyewe, na nilipaswa kusema pale pale."

"Watu ishirini wamekula kondoo wangu kwa ajili yako!"

"Najua, mama. Waambie kosa ni langu. Nami nitawaambia hivyo hivyo."

Mama yake mzazi hakusema naye siku tatu. Botagoz alivumilia. Alichokiogopa ni kimoja tu: kumpoteza yule kichwa ngumu.

Alhamisi likaja jaribio kubwa. Safari hii king'ora kililia pamoja na ujumbe kwenye simu ya kila mtu: bonyeza moja kama uko salama, mbili kama unahitaji msaada. Baada ya dakika kumi, watu wote walikuwa wamejibu isipokuwa mmoja. Botagoz alisoma jina: Sanzhar.

"Kanuni ni kwamba asiyejibu anafuatwa," alisema mkuu wa zimamoto. "Nitume mtu?"

"Huyu nitamfuata mwenyewe."

Lifti zilikuwa zimezimwa. Alipanda ghorofa tano kwa miguu, akausukuma mlango wa maabara huku anahema. Sanzhar alikuwa ameketi katikati ya mawe yake, ndevu hazijanyolewa, simu mbele yake.

"Umekuja kuniandika tena?"

"Nimekuja kukutoa humu. Hukujibu ujumbe, hukujibu simu zangu. Ingekuwa tetemeko la kweli je? Ningekutafuta chini ya kifusi nikiwa sijui kama unanichukia?"

"Wewe mchumba wa mtu, Botagoz."

"Nitazame masikio."

Alitazama. Yalikuwa matupu.

"Nilizirudisha juzi, kwa mkono wangu. Mama hasemi nami, majirani wananisema. Nilikosea kunyamaza, na wewe ulikosea kukimbia. Nakupenda, Sanzhar! Sasa jibu ujumbe, siwezi kufunga jaribio bila wewe."

Sanzhar akachukua simu, akabonyeza.

"Umebonyeza ngapi?"

"Mbili."

"Mbili! Wewe mwanamume, una wazimu?"

"Nahitaji msaada kweli. Wiki hii sijalala, sijala. Bila wewe siwezi."

Dakika chache baadaye vishindo vilisikika ngazini. Wazimamoto wanne wakaingia na machela, jasho likiwatiririka.

"Majeruhi yuko wapi?"

Botagoz alifuta machozi kwa mkono wa koti, akamshika Sanzhar mkono na kuukaza.

"Ni huyu," alisema. "Mwacheni, nitamteremsha mwenyewe. Nampeleka nyumbani kwa mama yangu."