Mgeni wa Bi Swafiya

Asubuhi pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome ya Lamu, ni tabu hata kupata pa kusimama. Punda wenye magunia ya mchanga wanataka kupita, mabenchi ya chini ya ngome yamejaa watu, na muuza kahawa anagonga vikombe vyake akiwaamsha wasiolala. Hapo ndipo Hadil aliposimama na mkoba mgongoni, akitazama wanaume wawili wakicheza bao.

Alikuwa ametoka Malindi, ambako kazi yake ni kupima damu katika zahanati. Likizo ilikuwa ndefu, mshahara mfupi. Basi alijiwekea sharti kabla hajapanda basi: chumba na chakula atalipia, lakini starehe zote za Lamu ziwe za bure. Na bao ni bure. Tatizo ni kwamba babake alimfunza mchezo huo tangu utotoni, na alipoona mkono wa mchezaji kijana unaelekea shimo baya, mdomo ulimponyoka.

"Si hilo."

Benchi zima likageuka. Kijana alikuwa amevaa kikoi cha buluu na shati jeupe lililonyooshwa, na hakuonekana kuudhika hata kidogo.

"Bi, kutazama hapa ni bure," alimwambia. "Mwenye kusema ndiye hununulia benchi kahawa."

"Na aliyesaidiwa je, hanunui?"

Watu walicheka mpaka kijana akanunua. Jina lake lilikuwa Idarus, fundi wa simu mwenye duka dogo Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kabla vikombe havijakauka alikuwa ameshapata namba ya Hadil.

Tangu hapo Idarus akajipa kazi ya kumtafutia starehe za bure. Hawakutembea pamoja, kwani Lamu haina siri. Alimpigia simu kutoka dukani. Akimbilie mtaa wa Langoni, vijana wanacheza kirumbizi, wanachezeana fimbo kwa ngoma na zumari na hakuna anayekata tikiti. Asubiri maji yakauke, aende kijiji cha Shela kwa miguu badala ya kupanda boti. Jioni walizungumza mpaka simu zikapata moto masikioni.

"Leo umetumia nini?"

"Nimekula mkate wa mofa, basi."

"Wewe ni hasara kwa mui huu, kipenzi."

Hadil alicheka, lakini akikata simu alibaki ameikumbatia. Alikuwa amempenda, hilo hakulificha nafsini mwake. Asichojua ni kama Idarus naye alimpenda, au alimkirimu tu kama mgeni mwingine yeyote, na kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya kurudi Malindi.

Kwa jioni ya mwisho Idarus alimtafutia starehe kubwa kuliko zote: kupamba, shughuli ya wanawake peke yao, bi harusi anapokalishwa na mapambo yake ili atazamwe.

"Hakuna kadi," alisema Idarus. "Ukiulizwa mlangoni, sema umetoka kwa Bi Swafiya. Ni mamangu. Kila mtu amjua."

Hadil alivaa gauni lake la zambarau lenye shanga kifuani, akatia asumini nywelani, akafunika yote kwa buibui. Mlangoni Bi Nadra, shangazi wa bi harusi, alikuwa akikusanya simu ili mtu asipige picha. Alimuuliza ametoka kwa nani. Hadil akajibu kama alivyofundishwa.

Bi Nadra alimtazama upya. Bi Swafiya hakuwa na binti, alikuwa na mwana mmoja asiyeoa. Msichana mgeni, mzuri, aliyejipamba hivyo, akitoka nyumba hiyo, kwa wanawake wale alikuwa na maana moja tu. Hadil alishikwa mkono, akapitishwa mbele, akafukizwa udi, akapewa kiti karibu na bi harusi. Alidhani ndivyo watu wa Lamu wanavyowapenda wageni, akashukuru.

Kisha Bi Swafiya mwenyewe akaingia.

"Bi Swafiya," alisema Bi Nadra, "mkamwanao huyu umemficha wapi siku zote?"

Shingo zote zikamgeukia. Hadil alitamani sakafu immeze. Bi Swafiya alimtazama kutoka asumini mpaka vidole vya miguu.

"Yeo nimekuya naye," akasema. "Ndiye."

Vigelegele vikapasua dari. Walipokuwa wakivaa mabuibui kutoka, Bi Swafiya alimwambia polepole kwamba hakumjua, ila asingeweza kumwaibisha mtoto wa watu mbele ya mato ya watu yanayomtazama. Akamuuliza kwao na jina la babake, akaenda zake.

Aliporudishiwa simu yake, Hadil alimpigia Idarus akiwa njiani.

"Umenifanya nini, Idarus?"

"Wallahi sikujua. Mimi kuingia kupamba mara ya mwisho nilikuwa sijatahiriwa. Nitawaambia watu ni makosa, yataisha."

"Makosa?"

"Si ndiyo?"

Hadil alikata simu. Neno hilo lilimuuma kuliko aibu yenyewe, kwa sababu vile vigelegele vilipopigwa, kabla ya kuogopa, alikuwa amefurahi. Idarus alipiga tena na tena, naye hakupokea.

Asubuhi alishuka gatini kupanda boti la Mokowe, ng'ambo kwenye mabasi ya Malindi. Bi Swafiya alikuwa ameshakaa ndani, kikapu cha halua mapajani.

"Ndoo ukae," alimwambia, akimsogezea nafasi. "Jana nilisema ndiye, na mimi si mtu wa uongo. Naenda kwa babako. Lakini kama humtaki mwanangu sema sasa, nishuke."

"Yeye ananitaka, mama?"

"Hilo si langu kujibu. Muulize."

Idarus alikuwa amesimama juu gatini, maana bwana harusi hafuatani na posa yake mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Hadil akampigia.

"Jana ulisema ni makosa."

"Niliogopa utadhani nimekutega. Hadil, nakutaka uwe mke wangu. Wanawake walipiga vigelegele, lakini jibu ni lako wewe."

Machozi yalimjaa, akayafuta kwa ncha ya buibui. Mabaharia walikuwa wakifungua kamba. Bi Swafiya, alipoona machozi yale, alikishika kikapu chake ili ainuke. Hadil akamshika mkono.

"Kaa, mama," alisema, simu ikiwa bado sikioni, Idarus akisikia. "Safari ni ndefu, na baba kila kitu hukikataa mara ya kwanza."

Bi Swafiya akakaa.