Mwani Kwenye Tangi la Mapokezi

Ukumbi wa kusubiri wa hospitali ulifurika hadi wengine wakakaa sakafuni. Fundi wa matangi ya samaki alijipenyeza na ndoo yake ya maji ya chumvi, akamkanyaga dada wa mapokezi.

"Samahani, dada!"

"Dada baadaye. Kwanza nirudishie mguu wangu!" alijibu akicheka. Alivaa gauni la zambarau na kilemba cha rangi hiyohiyo. Fundi akasahau kilichomleta.

Kilichomleta ni mwani. Kila wiki vioo vya tangi viligeuka kijani. Alikwangua, akabadilisha maji, akapunguza saa za taa, wapi! Lakini moyoni alifurahi, maana alipata sababu ya kurudi. Zikaanza simu, asubuhi na mchana.

"Mpenzi, umekula?"

"Nitakulaje sijakuona, mwizi wa usingizi wangu?"

Wakapanga hata siku ya fundi kwenda kujitambulisha kwa mama wa dada.

Kisha asubuhi moja samaki watano wakaelea, wamekufa. Meneja akataka sababu kwa maandishi. Fundi akapima maji, akaandika ukweli: samaki wanalishwa kupita kiasi, chakula kinaozea chini, mwani unastawi, maji yanaharibika. Aliyewalisha alimjua. Dada wa mapokezi alifanya hivyo ili watoto wagonjwa waangalie samaki wakila, wanyamaze. Jina hakulitaja, akadhani yameisha. Lakini pale mapokezi dada alikuwa peke yake. Wiki haikuisha, akahamishiwa zahanati ya mji wa mbali.

Mwezi mzima dada hakupokea simu za fundi. Alipopokea, sauti yake ilikuwa tulivu.

"Ungeniambia mimi kwanza. Ningeacha siku ileile."

"Niliogopa kukuudhi, mpenzi."

"Ukaona bora umwambie meneja?"

Fundi akajikaza: "Nakuja Jumamosi, na wazee wangu. Nikuoe."

Akamsikia akivuta kamasi.

"Usije. Nimekusamehe, kweli kabisa. Ila nikiishi na wewe nitakuwa nachunga kila ninachofanya. Mapenzi ya kuogopana siyawezi."

"Basi nikupigie mara mojamoja tu, nisikie sauti yako?"

"Wagonjwa wananiita," alisema kwa upole. "Kwaheri, fundi."

Tangu wapendane, hakuwahi kumwita fundi.