Mstari wa Njano Kwenye Nati

"Nati imelegea," redio ilisema.

Spana alikuwa amechuchumaa nyuma ya rundo la mataruma ya zege, mkate mkavu mdomoni. Redio yake ndogo ya Motorola ilifichwa kwenye kitako cha chupa ya chai. Mwenzako akiona, anadhani unachungulia kama chai imebaki.

"Wapi?"

"Kwenye kona. Treni inapita saa kumi kamili. Dalali amekuja mwenyewe kutazama. Tunamtaka leo."

"Na aliyelegeza?"

"Usimlete."

Akazima. Saa tisa na robo mchana, jua linachoma hadi kokoto.

Hiyo ndiyo lugha ya Karakana, ofisi isiyo na kibao mlangoni. Hawasemi muue. Wanasema usimlete, kisha wanaendelea na mambo yao. Spana, jina walilompa wao, alishaambiwa hivyo mara sita, na mara zote sita hakumleta mtu. Usingizi alikuwa anaupata vizuri tu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Reli ya mizigo ilikuwa imeuzwa. Mmiliki mpya alikuwa anang'oa reli nyembamba za zamani na kulaza nene, ili treni nzito zipite kwa kasi. Kazi ilikuwa imefika kwenye kona iliyo juu ya nyumba za wafanyakazi. Walioipoteza reli hawakukubali. Walimtuma Dalali, mgeni mwenye suti nzuri, aangushe treni nzito ya kwanza. Mmiliki mpya anyang'anywe kibali, wao warudi mezani. Dalali alikuwa amempata mtu ndani ya genge la mafundi reli, na Spana alikuwa na siku tisa ndani ya genge hilo akimtafuta.

Kuingia hakukuwa na shida. Mnyapara wa genge alikuwa baba yake mdogo, aliyemlea tangu ana miaka mitano. Mzee aliamini kijana anauza vipuri vya magari na biashara imemfia. Alikwenda kumwombea kibarua kwa wakubwa wapya, kofia mkononi.

"Mikono yake laini," aliwaambia, "lakini ni mwanangu. Nitamnyoosha."

Spana alishika njia kuelekea kwenye kona. Genge lilikuwa limeshasogea mbele, na reli ilikuwa tupu.

Genge la mzee lilikuwa na desturi moja. Nati ikishakazwa, mnyapara mwenyewe huipiga mstari wa rangi ya njano, kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba linaloshikilia reli. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, na mpita njia yeyote anaona. Brashi hampi mtu. Na hapaki kabla hajaijaribu nati kwa mkono wake. Spana akiwa na miaka minane aliwahi kuiba ile brashi, akaipaka nati ambayo haijakazwa. Alizabwa kibao ambacho sikio linakikumbuka hadi leo.

"Huo ni uongo wa rangi," mzee alimwambia. "Watu wanakufa kwa huo."

Kwenye kona, reli nene ilikutana na nyembamba. Bolti nne zilishika kiungo. Spana akagusa nati ya kwanza kwa vidole viwili.

Ikazunguka.

Ya pili, vilevile. Ya tatu. Ya nne.

Kisha akaangalia mistari. Haikuwa imekatika. Haikuwepo kabisa. Mtu alikuwa ameifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, taratibu, nati zote nne zinang'aa.

Mhuni wa kukodiwa angelegeza akakimbia. Mjanja angepaka upya. Ni mtu mmoja tu anayeweza kuangusha treni lakini akashindwa kuacha mstari unaosema uongo.

Spana alikaa juu ya reli. Alitamani awe amekosea, na alijua hajakosea.

Mzee alikuwa kwenye kibanda cha vifaa, hatua hamsini kutoka pale, ameketi juu ya kopo la rangi. Kijana alisimama mlangoni, bastola mkononi. Mzee alitazama mikono yake mwenyewe yenye grisi, kisha akatazama bastola.

"Kumbe huuzi vipuri."

"Siuzi, Baba."

"Na mimi ndiye niliyekuombea kazi." Mzee akacheka kidogo, bila furaha. "Wanaleta mashine, unajua? Moja inafanya kazi ya genge zima. Mwezi ujao natoka, na nyumba narudisha. Miaka thelathini na moja, nimepewa barua ya mistari mitatu. Yule mgeni akasema wenyewe wa zamani wakirudi, nabaki."

"Kwa hiyo unaua watu."

"Watu gani? Mabehewa ni matupu, ya majaribio. Dereva ataruka. Amenihakikishia."

"Matanki ya gesi, Baba. Ishirini na mawili, yamejaa. Mama yuko nyumbani?"

Uso wa mzee ulisawijika. Nyumba yake ilikuwa ya tatu chini ya kona. Asubuhi ile mkewe alikuwa ameanika mashuka.

Spana alibonyeza redio. "Simamisheni treni."

"Haisimami. Ikisimama, Dalali anaondoka."

"Kuna nyumba sitini hapa chini."

"Basi kaza nati."

Saa kumi kasoro dakika kumi na saba.

"Nenda ukakaze," Spana alimwambia mzee. "Peke yako. Yule mgeni anatazama kwa darubini, akiniona mimi anapotea."

"Nikishakaza, utanifanya nini?"

"Kaza kwanza."

Mzee alikimbia. Magoti mabovu, spana ndefu begani, kopo la rangi mkononi kwa mazoea tu. Spana akatambaa ndani ya mtaro wa maji ya mvua, bastola ya Glock kifuani, kiwambo cha kuzuia sauti kimeshafungwa.

Nati ya kwanza ikalia. Ya pili. Reli zilianza kutetemeka. Ya tatu iligoma, mzee akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote huku akilia waziwazi, akimwita mkewe kwa jina la nyumbani. Honi ilipigwa nyuma ya kilima. Ya nne ilikazwa huku kichwa cha treni kikiwa kimeshatokeza.

Mzee alijitupa pembeni.

Matanki yakapita. Moja, mawili, kumi, ishirini na mawili. Kiungo kiligonga chini ya kila gurudumu na kikashika. Chini kule, mashuka yalipepea kwa upepo wa treni, basi.

Mzee alirudi akapiga magoti. Alizijaribu nati zote upya, kisha akafungua kopo. Mstari wa kwanza. Wa pili.

Land Cruiser nyeupe ilisimama juu ya tuta. Dalali alishuka garini akateremka tuta kwa miguu, suti haina vumbi, bastola imeshuka pajani.

"Tulikubaliana," alisema.

"Uliniambia matupu," mzee alisema bila kugeuka. Alikuwa kwenye mstari wa tatu.

Kutoka mtaroni ni hatua kumi na tano. Kifua cha Dalali kilikuwa wazi, upepo hakuna. Nisikufiche: Spana alikuwa na nafasi. Alikuwa nayo Dalali alipoteremka, na alikuwa nayo Dalali alipoinua mkono. Kidole kilikuwa palepale. Usimlete, walisema. Akasubiri.

Mzee aligeuza kichwa kuelekea mtaroni. Akamwona. Akaelewa, kwa kuwa ndiye aliyemlea. Akaweka brashi kwenye nati ya nne.

Dalali akafyatua.

Ndipo Spana akafyatua, mara mbili, na suti ile nzuri ikalala kwenye kokoto.

"Karakana."

"Sema."

"Dalali amelala. Nati imekazwa."

"Na aliyelegeza?"

"Sikumleta."

"Kazi nzuri, Spana."

Simu ililia kwenye mfuko wa shati la mzee. Mama. Spana akaichomoa, akaifuta damu kwenye suruali yake, akapokea.

"Treni imepita jamani, nyumba imetikisika yote," Mama alisema. "Baba yako yuko wapi?"

"Yuko kazini, Mama. Anamalizia."

"Mwambie asichelewe."

"Nitamwambia."

Mstari wa nne ulikuwa umeishia katikati. Spana aliokota spana ya mzee, akaijaribu nati kwanza. Imekaza. Akachovya brashi, akamalizia mstari, akafunika kopo vizuri rangi isikauke.

Kisha akashika njia ya reli, kuelekea upande usio na nyumba.