Mchezo wa Kutoka Jela

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa na uwanja ukishafagiwa, Kidoti alikimbilia ukumbi wa vijana kucheza Jenga Taifa. Msichana huyo, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya doa jeusi shavuni, alipenda kushinda kuliko kula. Na mchezo wenyewe ulikuwa mtamu, usiseme! Ubao wa rangi, dadu, na vijumba vya mbao vya shule, kiwanda na ikulu. Serikali iliugawa bure. Vya bure vina gharama yake, lakini nani angemwambia mtoto?

Sheria moja ilikuwa na kisirani. Ukiangukia chumba cha Jela, hutoki mpaka useme jambo la kweli ulilolisikia nyumbani kuhusu Mkuu wa Nchi. Likiwa zuri, unatoka. Likiwa baya, unatoka na nyota juu yake, na wenzako wanakupigia makofi.

"Semeni bila woga, wadogo zangu," alisema mlezi wao, kijana mpole mwenye sare iliyonyooka. "Hapa tunacheza tu."

Siku hiyo Kidoti alikuwa karibu kabisa na ikulu, mwisho wa mchezo, dadu ilipomtupa Jela. Rafiki yake Mapengo akamcheka. "Ozea humo, dada!"

Kidoti akapandwa na hasira. "Baba yangu ni fundi redio," akasema harakaharaka. "Hotuba ya Mkuu ikianza, huizima. Anasema redio zote anaziweza, ila sauti ile imemshinda kutengeneza."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mlezi naye alicheka, akambandika nyota kifuani. Kidoti akashinda.

Jumatatu alimpelekea baba chakula kibandani kwake pa kutengenezea redio. Wanaume wawili wakaingia nyuma yake.

"Fundi," mmoja akasema, "tumesikia kuna sauti imekushinda kutengeneza. Twende tukufundishe."

Kidoti aliyatambua maneno yake mwenyewe. Akamng'ang'ania baba shati. Baba alizima redio aliyokuwa akiitengeneza, akamshika Kidoti kichwani, akaondoka nao.

Mama alizunguka vituo vyote vya polisi, kila mahali akiambiwa arudi kesho. Kidoti alimweleza kila kitu huku akilia. Mama hakumpiga. Laiti angempiga! Alimfuta machozi, akajitanda kanga akarudi kituoni, na hilo likamuuma mtoto kuliko fimbo.

Baba alirudi mvua zilipokwisha, amekonda, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki. Kidoti akapiga magoti mbele yake.

"Baba, ni mimi niliyesema. Nilitaka kushinda."

"Najua, mwanangu. Walinisomea neno kwa neno."

"Nisamehe, baba."

"Nilikusamehe palepale kibandani. Wewe ulitegwa. Aliyetega ni mtu mzima, na alijua anachokitega."

Jumamosi ilipofika, Kidoti alikwenda ukumbini, maana asiyehudhuria hufuatwa nyumbani. Dadu ikamtupa Jela tena.

"Haya, Kidoti," mlezi akamwambia kwa upole uleule. "Baba karudi. Hajasema lolote?"

"Hajasema kitu, kaka."

"Hata neno moja? Utakaa humo mpaka mwisho."

"Nitakaa."

Wenzake walimzomea. Baadaye Mapengo naye akaangukia Jela. Alifungua mdomo, akamtazama Kidoti, akaufunga. Wakakaa wote wawili, na nyota zikabaki mfukoni mwa mlezi.

Jioni alimkuta baba kibandani akihangaika na redio iliyofunguliwa.

"Leo nimekuwa wa mwisho, baba," akasema.

Machozi yakamlengalenga baba. "Mtu mzima akikuchekea ili umsaliti ndugu yako, mwanangu, hachezi na wewe. Anakutumia. Ukiona mchezo haukupi ushindi mpaka mtu wako aumie, kubali kushindwa, tena mbele za watu." Akamsogezea bisibisi. "Sasa kaa hapa nikufundishe kufungua hii. Mkono wangu hautaweza tena."